Ruhusa ya Kufukuza Kifo

Nimechoka kuambiwa kwamba uhuru hunyang'anywa. Naambiwa hivyo Nairobi, katika vyumba vyenye vitabu vingi na chai nyingi, na marafiki zangu wanaoandika mashairi makali. Kila mmoja humchora mnyang'anyi yuleyule: buti, sauti nene, rungu kiunoni. Simkani mtu huyo. Yupo, na wengine wamekutana naye. Lakini mimi nimezaliwa kwenye vilima vya juu ya Kisegi, kando ya ziwa, na nilichokiona kwetu ni watu wazima waliobeba uhuru wao wenyewe kwa mikono miwili, wakapanda nao mlima hadi kwa chifu, wakabisha hodi ili wamkabidhi. Chifu alipouliza kile ni kitu gani, walimwomba radhi kwa kuchelewa kukileta.

Basi nitasimulia, ingawa kusimulia kwenyewe kunanipandisha hasira upya.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu bendera ibadilishwe. Nilikuwa nafundisha Homa Bay, shule ya wasichana, na likizo ikifika nilipanda motaboti ya mizigo mpaka ufuo wetu, nikishuka na sketi imelowa hadi magotini. Asubuhi ziwa lilikuwa na rangi ya kisu kilichotoka kunolewa, na moshi wa majiko ya kukaushia samaki ulilala chini chini juu ya mchanga kana kwamba nao umechoka. Nilikipenda kwetu kwa upendo wa mtu anayeishi mbali, ambao ndio upendo rahisi kuliko wote.

Likizo moja nilikuta chifu ameitisha baraza. Alikuwa ametoka kuonana na DO, bwana mkubwa wa tarafa, na alitangaza kwamba kuanzia sasa mkutano wowote wa siasa utahitaji kibali. Alitangaza huku akijipepea kwa kofia yake ya kazi, kama mtu anayefikisha salamu za jamaa asiyempenda.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Siasa ni nini hasa, Bwana Chifu? Tujue, tuiepuke."

Chifu akafikiri, akatazama ziwa. Nadhani hakujua, na nadhani DO naye hakumwambia. "Mtaiona wenyewe," akasema, akafunga baraza.

Ikawa hivyo. Tangu siku ile waliiona kila mahali. Mama mmoja aliyetaka kupika pombe ya kuwashukuru majirani waliompalilia shamba alienda kwanza kumuuliza chifu kama shukrani hiyo ina ubaya. Kwaya ya kanisa ikatuma watu kuuliza kama mazoezi ya Alhamisi yanaruhusiwa, kwa kuwa wimbo mmoja ulimtaja Farao. Nilipoyasikia hayo nilicheka. Niliyaona kama vichekesho vya kwetu, vya kuwapelekea walimu wenzangu.

Kisha nikashuka ufuoni asubuhi moja kununua samaki aina ya ngege, nikawakuta wavuvi wamekaa mchangani karibu na wavu wao mkubwa wa kukokota. Wavu ulikuwa mkavu. Jua lilikuwa limeshapanda. Wavu ule hutiwa majini kwa mtumbwi, kisha ncha zake mbili huvutwa na safu mbili za wanaume, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, na mmoja akiwaimbisha ili mikono yote ivute kwa pamoja. Bila wimbo haufiki nchi kavu. Kila mtoto wa ufuo ule anajua.

"Mnangoja nini?" nikamuuliza mwimbishaji wao, mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango.

"Mtu wetu ameenda kwa chifu."

"Kufanya nini?"

"Kuomba ruhusa tuvute."

Nilidhani ananitania. Wanaume wale hawakuwahi kukosa utani. Lakini mwimbishaji aliendelea kunieleza polepole, kwa upole, kama mimi ndiye mwanafunzi. "Mwalimu, tazama. Sisi ni wengi. Tumesimama safu mbili. Tunaimba. Mtu akituona kutoka kule juu barabarani, ataona nini?"

"Wavuvi."

"Wewe utaona wavuvi. Umezaliwa hapa. DO ataona wavuvi?"

"Na wavu atauona pia. Na samaki."

"Samaki wanakuja mwisho," akasema mwenzake, na wote wakacheka. "Mwanzoni ni watu na wimbo tu."

Mjumbe akarudi akitabasamu. Chifu alikuwa amecheka mpaka akafuta machozi, akamfukuza. Wakakubaliana kwamba kicheko kile ni ruhusa, wakavuta. Juma lililofuata wakatuma tena. Safari hii chifu hakucheka; alisema tu, "Haya." Na safari iliyofuata, mjumbe alipofika jua likiwa juu, chifu alimuuliza kwa nini wanakuja kuomba wakiwa wamechelewa namna ile. Nilikuwa nimesharudi Homa Bay wakati huo. Nilisimuliwa na binamu yangu, naye alisimulia kwa namna ya kumlaumu mjumbe. Kweli, alisema, yule mtu anapenda kulala.

Hapo nilikuwa sicheki tena.

Mwaka huohuo, mvua za vuli zikikaribia, babu yangu akafa. Alikufa vizuri, kama wasemavyo wazee, kitandani mwake na watoto wake wote wakijulikana walipo. Tulimzika uani kwake, mchungaji akasoma, akaenda zake. Ikabaki kazi ambayo mchungaji hahusiki nayo.

Kwetu mzee akifa, kifo chenyewe hakiondoki na maiti. Hubaki kikizurura bomani, kinanusa milango. Kwa hiyo wanaume hukusanya ng'ombe, madume hasa, huzifunga pembe zao mitambaazi ya porini, hujipaka majivu, hushika mikuki na ngao, na asubuhi moja hukikurupusha kifo kwa kelele na mbio hadi kwenye mpaka wa ukoo, huko wakapigana nacho vita vya mchezo, wakakiacha ng'ambo. Wanawake hukimbia nyuma wakipunga matawi. Vumbi hupanda mpaka jua hulioni. Kazi hiyo tunaiita kupeleka buru. Mpaka buru ipelekwe, mjane hanyolewi, na mjane asiponyolewa, nyumba nzima inasimama: binti walioolewa hawarudi kwa waume zao, na hakuna mwana anayeweza kutoa ng'ombe wa mahari.

Babu alikuwa mkimbiaji wa buru. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko ya wanaume wote wa vilima vile, na kwa miaka yote ya ujana wake na uzee wake wa kwanza hakuna msiba mkubwa uliopita bila yeye kutangulia mbele ya madume. Nyanya yangu, tuliyemwita dani, alikuwa na jambo moja tu la kusema baada ya mazishi, akilisema kwa kila aliyeingia. "Amewafukuzia kifo watu wote wa hapa. Chake nani atakifukuza?"

Hakulia sana. Alisema tu kwamba mzee bado amesimama mlangoni, hajui aende wapi, na kwamba yeye hawezi kulala na mtu amesimama.

Aliyepaswa kuongoza ni mwanawe wa kwanza, ndugu wa baba yangu, yule tunayemwita baba mkubwa. Baba yangu alikuwa ameshatangulia miaka mingi. Nililelewa kwa hadithi za baba mkubwa. Zamani za vita vya Wazungu, watu wa serikali walipopita wakichukua ng'ombe kwa bei waliyoipanga wao, baba mkubwa alisimama langoni mwa boma, mikono amekunja, akawaambia wapite juu yake. Nikiwa mtoto nilimwona kama lango lenyewe. Katika kitabu changu cha kwanza kuna mtu anayesimama langoni hivyohivyo. Wahakiki walisema nimemtia chumvi.

Basi tulikuwa tumekaa uani, wana na wake zao, tukiongea juu ya buru, mimi nimeketi na wanawake nikichambua mboga. Baba mkubwa akasema, "Kwanza tutaomba ruhusa."

Sikumngoja mwanamume yeyote ajibu. "Kwani nani amekataza, Baba?"

"Hakuna aliyekataza."

"Sasa?"

"Ndiyo maana tunaomba mapema. Kabla hajakataza."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: walitikisa vichwa kama watu waliosikia busara. Mdogo wao, tunayemwita baba mdogo, akaongeza kwamba buru ina watu wengi, ina mikuki, ina nyimbo, na inaelekea mpakani. "Ukiipanga hivyo," akasema, "hata mimi naogopa."

"Ukiipanga hivyo," nikasema, "hata arusi ni vita."

"Arusi tayari tunaiombea ruhusa," akanijibu, na hakuwa anatania.

Nyanya alikuwa ndani, mlango wazi. Aliyasikia yote. Hakutoka.

Nikaenda nao kwa chifu. Niling'ang'ania, nilisema mwalimu atasaidia kueleza, na baba mkubwa, ambaye kila mara alijivunia kwamba nimesoma, hakuweza kukataa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati juu ya kilima, na askari kanga mmoja, polisi wa chifu, akichonga mpini wa jembe kivulini.

Hapa lazima nieleze jambo dogo. Chifu na baba mkubwa ni rika moja. Waling'olewa meno ya chini msimu mmoja, maana hilo ndilo jando letu, walichunga pamoja, waliibiana chakula. Hawakuwahi maishani mwao kusemezana kwa lugha yoyote isipokuwa Kijaluo. Kiswahili kwetu ni lugha ya sokoni na ya askari, lugha ya mtu usiyemjua mama yake. Baba mkubwa akaingia, akavua kofia, akasimama wima.

"Jambo sana, Bwana Chifu," akasema. "Sisi iko na maombi kidogo."

Chifu alimtazama kwa muda. Nilimwona akitafuta mzaha na kuukosa. "Omera, ndugu yangu, keti," akamwambia kwa Kijaluo. "Pole kwa mzee. Mbona unanisimamia?"

"Asante sana. Sisi tasimama tu."

Na mbele ya macho yangu, pole pole, kama mtu anayeteleza kwenye tope huku akijua anateleza, chifu akanyoosha mgongo. Akavuta kiti karibu na meza. Akasema, kwa Kiswahili, "Sema."

Nimesoma maelezo mengi ya jinsi madikteta wanavyozaliwa. Sijasoma lolote lililo fupi kama lile.

Baba mkubwa akaeleza. Chifu akauliza nani aliyetuambia tunahitaji kuomba. Hakuna, akajibu, ni sisi wenyewe tumefikiri. Chifu akaweka mikono usoni. "Mngefanya tu," akasema, safari hii kwa Kijaluo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa. "Mngefanya, ningesikia kelele, ningesema ni buru ya mzee. Sasa mmeniuliza. Nikisema ndiyo, halafu kijana mmoja akachomwa mkuki, DO ataniuliza mimi niliyeruhusu. Mmenifunga kamba shingoni, mnanishukuru."

"Mikuki tutaacha, Bwana Chifu," baba mkubwa akasema upesi.

"Sijasema neno juu ya mikuki."

"Tutaacha. Tutashika fimbo."

Chifu akasita. "Fimbo," akasema.

"Na ng'ombe wachache tu. Si kundi."

"Wachache," chifu akarudia, kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza, lakini kinanukia.

"Kukimbia pia si lazima," akasema baba mdogo kutoka nyuma. "Tunaweza kutembea."

Nilitaka kupiga kelele. Nilisema, "Bwana Chifu, hakuna anayefukuza kitu kwa kutembea," na chifu akanitazama kwa macho ya kuomba, nadhani, akitaka niendelee, nimwokoe. Lakini baba mkubwa alikuwa tayari anashukuru. Alishukuru kwa kishindo, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Njiani, tukiteremka, wengine wakatangulia. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na sikuchagua maneno. Nilimkumbusha lango. Nikamwambia kwamba mtu aliyewaambia Wazungu wapite juu yake amempa mwenzake aliyeng'olewa naye meno kila kitu, hata asichoombwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye jiwe, akatoa mwiba kiatuni ambao sidhani ulikuwepo.

"Hadithi ya lango umeisikia kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Haya. Sasa usikie kwangu. Nilisimama, ni kweli. Nikawaambia, ni kweli. Majirani walikuwa nyuma ya ua wa miti, nawaona macho yao kwenye majani. Hakuna aliyetoka. Wale watu wakanisukuma, wakaingia, wakachukua ng'ombe wote badala ya wale waliokuja kuchukua, na kesho yake wakarudi kwa majirani wakachukua zaidi kwa hasira. Unajua majirani walisema nini?"

Sikujua.

"Kwamba nimewaletea balaa. Msimu mzima hakuna aliyekunywa pombe kwangu. Hadithi nzuri walianza kuisimulia baadaye, Mzungu alipokwishaondoka, ilipokuwa haina gharama." Akavaa kiatu. "Siku ile nilikuwa huru, mwanangu. Nilikuwa huru peke yangu. Ni baridi."

"Lakini sasa ni kwetu. Hakuna wa kukusukuma."

"Sasa ni mbaya zaidi. Zamani kila kilichoharibika kilikuwa cha Mzungu. Leo kijana akichomwa mkuki kwenye buru, ni wa nani? Ni wangu. Mama yake atanitazama mimi. Ukiomba, ukaambiwa ndiyo, likiharibika si lako. Ukiambiwa hapana, pia si lako. Unalala."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye kidogo, nikiwa mbali. Pale njiani niliona tu kwamba mtu huyu anataka usingizi, na bei ya usingizi wake ni mzee anayesimama mlangoni.

Buru ikapelekwa. Naandika neno hilo kwa aibu. Ng'ombe wachache wenye majani kidogo kwenye pembe wakatembezwa kwa fimbo za kuchungia mbuzi, wanaume wakifuata kwa mstari, wamevaa mashati safi. Waliimba, lakini kwa sauti ya watu wanaoimba karibu na mgonjwa. Hakuna vumbi lililoinuka. Wanawake tulikuwa na matawi na hatukujua tuyafanye nini. Tulipopita karibu na kisima, kikongwe mmoja aliyekuwa akichota maji aliweka mtungi chini.

"Hiki ni kifo mnakifukuza," akauliza, "au mnakipeleka mnadani?"

Vijana wakaangalia miguu yao. Baba mkubwa akamwambia apishe njia.

Tuliporudi, dani alikuwa ameketi kizingitini. Mke mwenzake, nyanya yetu mdogo, alikuwa ameshaandaa wembe na beseni la maji. Dani alitazama ng'ombe wakiingia. Hata jasho hawakuwa nalo.

"Ondoa maji hayo," akamwambia mwenzake. "Hajaondoka."

Wakambembeleza. Mabinti zake wakambembeleza, maana waume zao walikuwa wanawangoja. Mwana wa baba mkubwa akambembeleza, maana alikuwa na mchumba upande wa Oyugis na ng'ombe wa mahari hawawezi kutoka. Dani hakukasirika. Alisema hakatai kunyolewa. Ananyolewa mtu ambaye mume wake ameenda, na wake hajaenda. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na nyumba yote yenye wanaume wale wakubwa ikakwama juu yake kama mtumbwi juu ya jiwe.

Siku zikapita hivyo. Kisha baba mkubwa akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia Nairobi watu hudhani nimelibuni. Alikwenda kwa chifu kumwomba aje amwamuru mama yake anyolewe.

Na chifu akaja. Alikuja kwa miguu, peke yake, akaketi chini mbele ya dani kwenye ngozi, si kwenye kiti alichowekewa. Dani alimtazama mdomo.

"Umekonda," akasema. "Zamani ulikuwa unamaliza uji wa wanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Umekuja kuniamuru?"

"Nimekuja kukwambia kwamba mimi sikukataza kitu."

"Najua hukukataza," akasema dani. "Wewe ungeweza kukataza nini? Waliokataza niliwazaa mwenyewe."

Chifu akainamisha kichwa. Kisha akageuka, akamtazama baba mkubwa aliyesimama kando na kofia mkononi, akamwambia kwa Kijaluo, wazi, sote tukisikia, "Omera, fanyeni. Fanyeni na mikuki. Fanyeni na ng'ombe wote wa kilima. Fanyeni kesho. Mimi nitakuwa nyumbani nimeziba masikio."

Nikashusha pumzi. Nilidhani imekwisha. Nilidhani mtu akifunguliwa mlango atapita.

"Asante sana, Bwana Chifu," baba mkubwa akasema. "Basi tuandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umeturuhusu."

"Unataka nikuandikie," chifu akasema taratibu, "kwamba nimekuruhusu kumlilia baba yako."

"Ndiyo, Bwana Chifu. Na mhuri, ikiwezekana."

Chifu akainuka, akajikung'uta. Nilimsindikiza hadi langoni kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mguu. Pale akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kweli, si wa mtawala hata kidogo.

"Mwalimu, umesoma. Waambie watu wako waniache."

"Waambie wewe. Wewe ndiye chifu."

"Nikiwaambia watatii," akasema. "Na hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Akaenda zake. Uani nyuma yangu wanaume walikuwa wameshaanza kubishana kama kukataa kuandika ni kukataa. Baba mdogo aliona kwamba ni kukataa kwa njia ya heshima. Walifikia uamuzi wa kungoja.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa dume. Nikatoka. Dani alikuwa amevaa koti la babu, lile refu la kijeshi alilonunua mitumba Homa Bay, likiburuta chini. Alikuwa amefungua lango la ng'ombe. Si lango la wachache, la wote. Mkononi alishika mkuki wa babu, umemzidi urefu, na pembeni yake nyanya mdogo alikuwa akifunga mitambaazi kwenye pembe za dume kubwa huku akilitukana lisimame.

Mwanamke hatangulii buru kwetu. Mwanamke hufuata nyuma. Haijawahi kuonekana, na kila mtu aliyetoka nyumbani mwake asubuhi ile alilisema hilo kwanza. "Dani, haifanywi hivyo," akasema mmoja wa binti zake.

"Inafanywa vipi?" dani akauliza. "Nionyeshe. Nimengoja kuonyeshwa."

Kisha akalichoma dume kwa ncha ya mpini, na dume likatoka mbio.

Sijui kueleza vizuri kilichofuata, na mimi ndiyo kazi yangu kueleza. Ng'ombe walimiminika langoni. Binti zake wakapiga vigelegele kabla hawajaamua kupiga. Nilivunja tawi la kwanza nililolifikia, nikakimbia, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Wanawake wa boma la pili wakatoka, wa tatu wakatoka, yule kikongwe wa kisimani akatoka na mwiko. Hatukuelekea mpakani, dani alielekea ziwani, moja kwa moja chini ya mteremko, koti likipepea, na vumbi likapanda mpaka vilima vikafutika. Vijana wawili watatu walichupa ua wakajiunga, bila mashati. Wanaume wengine walisimama tu, kila mmoja akimtazama jirani yake aone kama atakimbia.

Ng'ombe waliingia majini hadi mbavuni. Dani akasimama ukingoni, akautupa mkuki ziwani kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Haukwenda mbali. Akakaa mchangani akahema, na kwa mara ya kwanza tangu mzee afe, akalia kwa sauti, kilio kirefu cha kumuaga mtu ambaye sasa anaondoka.

Kutoka pale chini, vumbi lilipoanza kutua, niliinua macho nikaona baiskeli kwenye njia ya juu. Nilimjua mwendeshaji kwa jinsi alivyoshikilia kofia. Hakuna aliyekuwa amemtuma, na hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Alikuwa anawahi kumweleza chifu kabla chifu hajasikia. Nilimtazama akikanyaga kwa bidii, akishuka na kusukuma penye mwinuko, akipanda tena, mtu mzima mwenye mvi, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimrushia jiwe, kutoka mwendo ule wote, likaanguka hatua chache mbele yangu mchangani.

Tulirudi taratibu. Nyanya mdogo akapasha maji, dani akakaa kwenye kigoda uani, koti bado mabegani, na wembe ukaanza kazi. Nywele nyeupe zilianguka kidogo kidogo. Nilishika beseni.

"Baba yako mkubwa yuko wapi?" dani akauliza, kichwa amekiinamisha.

"Ameenda kwa chifu."

"Ameitwa?"

"Hapana."

Wembe ukapita juu ya sikio lake. "Mwekeeni chakula," akasema. "Atarudi na njaa." Kisha akamwambia mwenzake, "Nyoa na huku nyuma. Umeacha."